Swali Lilikuwa Langu

Alhamisi, 6 Juni

Siku mbaya.

Saa nne asubuhi Mheshimiwa mbunge wetu kakaa mbele ya kamera, kama afanyavyo kila Alhamisi, kujibu maswali ya wananchi mtandaoni. Utaratibu unajulikana. Unaandika swali kwenye ukurasa wake, watu wanalibonyezea laiki, na maswali matano yenye laiki nyingi ndiyo yanayojibiwa. Wiki ya kumi na nne hii nauliza. Wiki ya kumi na nne sijajibiwa. Swali langu linahusu mtaro ulio mbele ya duka langu la uchapaji. Hauna mfuniko. Una ubao mmoja wa kuvukia, na ubao huo mwaka jana ulimtegua mke wangu kifundo cha mguu. Swali lina vipengele kumi na kimoja, kuanzia (a) hadi (k). Limepata laiki mbili. Moja yangu. Ya pili ya mke wangu, naye kasema kidole kiliteleza.

Na nani kajibiwa? Mwanyumba wangu! Yule kinyozi wa ng'ambo ya barabara. Mimi nilioa dada mtu, yeye akaja akaoa mdogo mtu, na tangu hapo kazi yake ni kunifuata nyuma na kunipita mbele. Hajawahi kuuliza swali maishani mwake. Jana kaamua kuuliza: "Mheshimiwa, nani anakunyoa?" Maneno matatu. Laiki mia tatu na kumi. Mheshimiwa kacheka hadi kavua miwani. Kajibu dakika tano nzima. Kageuka tukione kisogo. Kamtaja kwa jina la akaunti yake, Kinyozi Bingwa, na kusema nchi inahitaji wananchi wachangamfu kama huyu.

Nchi inahitaji! Mimi na vipengele vyangu kumi na kimoja hatuhitajiki.

Chakula cha mchana nilikisusia. Nilikula cha jioni mara mbili ili kufidia.

Ijumaa, 7 Juni

Kinyozi kavuka ubao asubuhi, kaingia dukani meno yote nje. Kataka nimchapie picha ya Mheshimiwa akicheka, kubwa, ya rangi, aibandike juu ya kioo chake. Nikamwambia wino wa rangi umekwisha. Haukuwa umekwisha. Nikamtolea nyeusi na nyeupe, tena kwa karatasi nyepesi. Kaitazama, kasema hii ndiyo yenye heshima zaidi, inafanana na picha za viongozi wa zamani. Kanishukuru. Kaniita kaka. Ndivyo alivyo huyu mtu, ukimtupia jiwe anaokota na kusema ahsante kwa tofali. Inachosha kumchukia.

Wahenga walisema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Huyu anakata za wenzake.

Mke wangu ni karani wa zahanati, kazi yake kuandika shida za wagonjwa kwenye mstari mmoja. Kaniuliza kwa nini na mimi nisiulize swali fupi. Nimemweleza kwamba swali fupi ni la mtu mwenye mawazo mafupi. Kasema sawa, baba, akaendelea kupiga pasi.

Lakini nimewaza. Kasoro haiko kwenye swali, iko kwenye laiki. Na laiki ninazo!

Chini ya kaunta kuna daftari jeusi. Nusu ya mtaa huu mimi ndiye niliyewafungulia akaunti. Watu wanasahau nywila zao kabla hawajafika mlangoni, kwa hiyo wananiomba niwaandikie na niwatunzie. Wako sitini na wawili. Mama Vifungo, fundi cherehani wa mlango wa pili: "sindano". Mwalimu Mstaafu: "nidhamu". Kinyozi: "nywele", na mwenyewe ana upara. Hata picha zao nimepiga mimi, wote mbele ya kitambaa kile kile cha bluu, wote ndani ya koti la dukani, lile jeusi lenye tai iliyoshonewa humo humo. Mtu anakuja kupiga picha hana koti, namvalisha. Mtandaoni mtaa wetu unaonekana kama wafanyakazi wa benki moja. Hata picha yangu ni hiyo hiyo.

Sasa, watu sitini na wawili wameniamini na vidole vyao. Kuazima kidole si kuiba. Kidole kinabaki kwa mwenyewe.

Jumamosi, 8 Juni

Mama mkwe kaja mtaani. Kama kawaida yake kaenda moja kwa moja kwa kinyozi, kwa sababu upande ule hakuna mtaro. Mwaka wa pili huu tangu nifungue duka hajawahi kutia mguu. Anauogopa ubao. Siwezi kumlaumu, ila inauma. Anakaa kwenye kile kiti cha kinyozi kinachozunguka, miguu haigusi chini, na mdogo mtu anamzungusha taratibu.

Nikasimama mlangoni nikampigia shikamoo kwa sauti, juu ya mtaro na barabara. Kaitikia marahaba mwanangu, na kunisihi nisivuke, nitaanguka. Kisha kiti kikazunguka, nikabaki naongea na kisogo.

Kuna jambo baya zaidi. Mama Vifungo katoka huko kumnyolesha mjukuu wake. Kanipasha kwamba mama mkwe anawaambia wateja kwa fahari kuwa mkwe wake anajulikana hadi bungeni. Nikamwuliza Mama Vifungo kama ana hakika kasema "mkwe wangu". Kasema ana hakika. Nikamwuliza tena, hakusema "mmoja wa wakwe zangu"? Kasema hapana, kasema kana kwamba anaye mmoja tu.

Anao wawili! Na mimi ndiye wa kwanza. Mimi ndiye niliyepeleka barua ya posa iliyochapwa, yenye pambizo pande zote nne. Kinyozi alipeleka mdomo mtupu.

Nikichapa leo nakosea. Cheti cha mtu cha kumaliza mafunzo ya udereva nimekiandika "mafunzo ya unyozi". Kakirudisha.

Lazima nijibiwe. Mbunge akija kufunika mtaro kwa swali langu, mama mkwe atavuka kwa miguu yake, ataingia dukani kwangu, atakaa kwenye kiti changu. Hakizunguki, lakini kina mto.

Jumapili, 9 Juni

Nimeshinda nyumbani naandika swali upya. Nilifika kipengele (m). Nikamsomea mke wangu akiwa anakunja nguo. Alipofika kwenye shuka la tatu kaniuliza ni nani hasa anayeuogopa mtaro. Nikasema wananchi. Kasema nimtaje mmoja. Nikasema mama yako. Kaacha kukunja. Kasema basi niandike hivyo, na nimwombe Mheshimiwa aje auvuke mwenyewe, yaishe.

Nikamwambia mambo ya dola hayaendeshwi hivyo. Nikatoka nje kupunga upepo. Kufikia mara ya pili kuizunguka nyumba, nilikuwa nimepata wazo zuri kabisa, la kwangu mwenyewe: nimtaje mama, na nimwombe Mheshimiwa aje auvuke mwenyewe.

Hili hapa, kwa kumbukumbu za vizazi: "Mheshimiwa, katika mtaa wetu yupo mama wa miaka sabini na miwili ambaye mwaka wa pili sasa hajaweza kuvuka mtaro kwenda kwa mwanawe, kwa kuuogopa ubao. Je, uko tayari kuja kuuvuka wewe kwanza? Aidha, tafadhali njoo na viatu unavyovipenda."

Mke wangu kasema ni zuri, ila nitoe hiyo "aidha". Nimekataa katakata. Swali lisilo na aidha ni kama barua isiyo na muhuri.

Jumatatu, 10 Juni

Nimefungua duka mapema. Kabla ya kutuma swali, kwa ajili ya utafiti tu, nimechungulia akaunti ya kinyozi nione watu wanamwandikia nini. Pongezi arobaini na tatu kwa ajili ya kisogo cha mtu! Shangazi wa mke wangu kamwandikia mistari minane. Mimi nilipofungua duka aliniandikia "sawa". Roho ilinichoma hadi nikasikia joto masikioni.

Hapo Mama Vifungo akaniita kutoka ng'ambo ya ubao, anataka kopi mbili na hataki kuvuka. Nikaenda, nikachukua karatasi, nikarudi, nikatoa kopi, nikampelekea, nikarudi. Nikakaa. Nikaliandika swali langu pale pale, neno kwa neno. Nikatuma.

Kisha kazi. Daftari jeusi mkononi, nikaingia akaunti baada ya akaunti: fungua, laiki, funga. Mwalimu Mstaafu, laiki. Mama Vifungo, laiki. Fundi bomba, mwuza magodoro, mama wa maziwa, laiki. Kinyozi naye, laiki, na hapo nilitabasamu. Mimi mwenyewe safari hii sikujipa. Kujisifu si tabia njema.

Sitini na mbili kufikia adhuhuri. Kidole cha shahada kimevimba.

Jumanne, 11 Juni

Laiki mia moja na tisini! Watu wa kweli sasa wanabonyeza, wa mitaa mingine, nisiowajua. Mmoja kaandika kwamba swali limemtoa machozi. Nimelisoma hilo mara kumi hivi.

Nimepita mtaani polepole ili watu wapate nafasi ya kunipongeza. Kumbe wana haya. Nimeona kundi limejaa kwa kinyozi, wanampa mkono, wanampiga mgongoni. Bado mambo ya kisogo, wiki nzima! Watu wa mtaa huu hawana haraka.

Jioni kinyozi kavuka na uso wa kutatanishwa. Kataka kuniuliza jambo kuhusu lile swali la mtaro. Nikamkata kauli. Nikamwambia kwa upole kuwa swali zuri halina haja ya maelezo, ajifunze kulifurahia. Kakuna upara. Kasema sawa, kaka, huenda ndivyo mambo ya mtandao yalivyo.

Kwa mara ya kwanza nikamwonea huruma. Wivu ni ugonjwa mbaya.

Alhamisi, 13 Juni

Nitaandika yote, hata kama machozi yatalowesha wino.

Niliwaalika watu dukani watazame nami. Mama Vifungo kavuka ubao kwa kushikwa mikono yote miwili. Mwalimu Mstaafu kaja. Mke wangu kaomba ruhusa zahanati. Nikavaa koti la dukani. Nikapanga viti, nikageuza kompyuta iwaelekee. Nikaandaa maneno machache ya shukrani, ukurasa mmoja na nusu.

Saa nne Mheshimiwa kaingia. Kasema swali la kwanza leo limempa usiku mgumu. Kalisoma. Kila neno! Hata aidha! Mama Vifungo akapangusa macho. Mheshimiwa akasema mwandishi wa swali hili ni mwananchi aliyemchekesha wiki iliyopita na kumliza wiki hii. Mimi tayari nilikuwa nimesimama, mkono kifuani. Akamtaja. Kinyozi Bingwa.

Nikabaki nimesimama. Watu wote dukani wakanitazama. Sikuwa na sababu ya kusimama, ikabidi niende kuikagua printa. Nilikagua printa hadi kipindi kikaisha. Kutoka ng'ambo vifijo vilisikika kama harusi.

Mheshimiwa kaahidi kuja Jumanne.

Walipoondoka nikapekua mashine, na ukweli nikauona. Jumatatu nilipotoka kumhudumia Mama Vifungo nilikuwa bado ndani ya akaunti ya kinyozi. Niliporudi nilitupa jicho kwenye kona ya skrini, nikaona koti jeusi, tai, kitambaa cha bluu. Nikajua ni mimi, jina wala sikulisoma. Kila mtu mtaa huu ni mimi! Nikatuma swali langu kwa jina lake. Na laiki zile sitini na mbili nikampa kwa kidole changu mwenyewe, moja moja, hadi kikavimba.

Mke wangu kaniuliza kama naumwa. Nikasema printa ina hitilafu.

Ijumaa, 14 Juni

Mtaa mzima unaimba wimbo mmoja. Sikilizeni jinsi ulivyo: kinyozi hana mtaro mlangoni kwake, mtaro uko kwa mwenzake, naye kauulizia wa mwenzake! Moyo gani huo? Mwalimu Mstaafu kasema katika miaka thelathini na minne ya kufundisha hakuwahi kuona mtu akimwombea jirani kabla ya nafsi yake. Mama mkwe kampigia mke wangu simu akilia. Mwenye moyo huo hakumzaa, kasema, lakini kamzidi wa kuzaa.

Jambo la kuua ni kwamba kinyozi anakana. Anasimama mlangoni na mashine ya kunyolea mkononi, anamwambia kila mpita njia kuwa hakuandika yeye, hajui lilitoka wapi, pengine ni kosa la mtandao. Watu wanatazamana, wanatikisa vichwa. Na mnyenyekevu pia! Laiki zimefika mia tisa.

Nikaamua kudai haki yangu. Nikaanza na Mama Vifungo, maana kumwambia yeye ni kama kubandika tangazo. Nikamdokeza kwamba huenda swali liliandikwa na mtu mwingine, mtu wa kalamu, asiyependa makuu. Mama Vifungo kaweka mkasi chini. Kasema hapo hapo kuna kitu kinamsumbua na yeye. Simu yake ilikuwa kwa fundi wiki nzima, lakini anaambiwa kalibonyezea swali laiki. Na Mwalimu Mstaafu, aliyeapa hatakubaliana na mbunge yule hadi kaburini, laiki yake ipo. Vidole vyao vimefikaje huko? Kasema akimpata aliyefanya hivyo atamshonea mdomo kwa mshono wa kurudi.

Nikamwambia kinyozi ndiye aliyeandika, bila shaka yoyote.

Ndipo nilipofika. Nikisema swali ni langu, nitaulizwa lilipitaje kwa kinyozi, na daftari jeusi litatoka chini ya kaunta. Watu sitini na wawili watachukua nywila zao, na duka nitafunga. Nikinyamaza, jina langu linaishi kwenye upara wa mtu mwingine. Nimenyamaza. Nimekunywa maji glasi nne.

Jumanne, 18 Juni

Mheshimiwa kaja na magari mawili na kijana wa kushika kamera. Mtaa wote nje. Mama mkwe kawekewa kile kiti cha kuzunguka barabarani, kakaa juu kama hakimu. Kinyozi kavaa koti. Koti gani? La dukani! Kaja kuniazima asubuhi, kaniambia hana nguo ya kusimamia mbele ya wakubwa, na kwa kuwa hakuandika yeye angependa tusimame wote wawili. Nikamwambia nina kazi nyingi. Nikamfunga vifungo. Sijui kwa nini nilimfunga vifungo.

Mheshimiwa kautazama ubao. Kautazama mtaro. Kavitazama viatu vyake, ambavyo kwa kweli alivipenda. Akamwambia msaidizi wake atangulie kupima usalama. Msaidizi, mtu mzito mwenye suti ya kijivu, akakanyaga mara moja. Ubao ukasema ka! Kazama hadi kiunoni, mafaili kayainua juu ya kichwa. Mama mkwe kaomba kiti kigeuzwe asikose kuona.

Na kamera ilikuwa inarusha moja kwa moja. Watu elfu nne wakitazama. Mheshimiwa kasema mfuniko wa zege utawekwa kufikia Ijumaa, na asipofanya hivyo wasimchague. Kisha kamkumbatia kinyozi. Kamkumbatia na koti langu.

Mimi nilimvuta msaidizi kutoka mtaroni. Mimi na fundi bomba. Hakuna kamera iliyogeuka.

Jumamosi, 22 Juni

Zege limewekwa jana, upana wa hatua tatu, imara, laini. Halina kosa. Nimelitafuta.

Mnamo saa tano mama mkwe kasimama ng'ambo. Kavua viatu, sijui kwa nini, kavishika mkononi. Kapiga hatua ya kwanza. Ya pili. Kasimama katikati, kakanyaga kwa nguvu mara mbili kujaribu. Kisha kavuka. Kaingia dukani kwangu!

Miaka miwili nimeingoja siku hiyo. Nilimpa kiti chenye mto. Nikampa maji. Alitazama kila kitu, kitambaa cha bluu, printa, mashine ya kuwekea vyeti plastiki. Kasema siku zote alidhani nauza karatasi tupu, kumbe ni kazi ya akili. Nikataka kulia. Kisha kasema shida iliyomleta. Anataka nimchapie cheti, cha rangi, chenye maua kwenye kona, cha kumpa mkwe wake kwa kumkumbuka mama.

Wino wa rangi ulikuwepo. Nikamwambia upo. Akanisomea, nikachapa: "Cheti cha Mkwe Bora". Kauliza kama naweza kuongeza neno zuri la kumalizia, maana mimi ndiye mwenye maneno. Nikaongeza. Nikakiwekea plastiki. Kingetoka na kiputo ningepata faraja kidogo, lakini kilitoka safi, mimi si mtu wa kazi mbovu.

Jioni mke wangu kaketi karibu nami. Kasema neno moja tu: aidha. Nikajifanya sijasikia. Kasema tangu Alhamisi ile alijua, kinyozi hajawahi kutamka aidha hata kwa bahati mbaya, na mtu pekee aliyewahi kumwandikia aidha kwenye barua ya posa ni mmoja. Kasema mama yake leo kavuka kwa swali langu, hakuna mwingine anayejua, na yeye anajua, na ahsante. Kaniwekea mkono begani. Kasema pia kwamba mchimba shimo huingia mwenyewe, kwa hiyo lile daftari nilirudishe, kila mtu na ukurasa wake, nisiguse tena kidole cha mtu. Nikaahidi.

Nikamwuliza kama anadhani kinyozi atakitundika cheti juu ya picha ya Mheshimiwa au chini yake. Kaondoa mkono.

Jumatatu, 24 Juni

Habari kubwa! Waziri naye kafungua ukurasa wa maswali. Waziri! Atajibu kila Jumatano. Kinyozi hajajua bado, redio yake ina mpira tu. Nafasi ni hii.

Asubuhi mama mkwe kaja tena, siku ya pili mfululizo ya kazi, kavuka bila hata kutazama chini. Kataka akaunti yake mwenyewe, ili awe anampa kinyozi laiki. Nikamfungulia, nifanyeje. Nikampiga picha mbele ya kitambaa cha bluu, na koti la dukani limemkaa vizuri ajabu. Nywila kachagua "mkwe". Nikamwuliza yupi. Kasema wowote, mwanangu, andika tu. Nilipomaliza kumwonyesha ukurasa wake kaomba nakala ya picha, kaichukua na kukimbilia ng'ambo kuwaonyesha, hata hakungoja nifunge.

Duka likawa kimya. Nikalichapa swali kwa Waziri, pale pale nilipokuwa, wazo lingali moto. Vipengele kumi na vinne. Kipengele (c) kinauliza ni lini sheria itamlinda mwandishi halisi wa swali. Kipengele (f) kinauliza serikali ina mpango gani kuhusu mama wakwe wanaopendelea mkwe mmoja na kumfanya mwingine ajione yatima. Kipengele (k) kinaeleza tabia za kinyozi mmoja, bila kumtaja, nimeandika tu kipara na ng'ambo ya barabara. Ndani mna aidha tisa. Ni kazi bora kuliko zote nilizowahi kuandika.

Daftari jeusi nitalirudisha kesho. Leo bado nahitaji vidole sitini na viwili.

Na safari hii nimekuwa mwangalifu, nani aumwe na nyoka mara mbili? Kabla ya kutuma nimesogeza uso hadi kwenye kona ya skrini na kukagua picha kwa makini. Koti jeusi lipo. Tai ipo. Kitambaa cha bluu kipo. Ni mimi. Nimetuma.